Mutia Omoolu na Zawadi za Senema

Muhula uliopita, katika mdahalo wetu wa Jumamosi, mwenzangu mmoja alisimama akasema kwamba kazi ya mtu wa Afrika ya Mashariki haikupata kufika katika zawadi kubwa za senema za Marekani, ziitwazo Oscar, mpaka Machi 2, 2014, Lupita Nyong'o wa Kenya alipopewa yake. Mimi nikapinga. Walakini sikuwa na ushahidi, nikachekwa, nikaketi. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari za jambo hili, nami nataka kuwaeleza wasomaji niliyoyapata.

Zawadi hizo zilitolewa mara ya kwanza Mei 16, 1929, katika Hoteli ya Roosevelt mjini Hollywood. Wageni walikuwa kama 270, tikiti dola 5, na ugawaji wenyewe ulikwisha kwa robo saa hivi, maana majina ya washindi yalikuwa yametangazwa tangu Februari. (Siku ya wazazi, salamu za wageni peke yake hupita muda huo.)

Wakati ule senema zilikuwa katika kugeuka. Zamani zilikuwa bubu: watazamaji waliona midomo ikicheza tu, na maneno yaliandikwa katika vibao vilivyopitishwa katikati ya picha. Oktoba 1927 ikatoka The Jazz Singer, yenye sehemu za kusema na kuimba. Wakubwa wa zawadi waliona si haki kuishindanisha na picha bubu, kwa hiyo kampuni ya Warner Brothers ikapewa zawadi ya pekee. Usiku huo huo Joseph Farnham alizawadiwa kwa kuandika maneno ya vibao. Zawadi hiyo haikutolewa tena kamwe! Sauti ilipoingia, vibao vilikosa kazi, na Novemba 1930 ikaanzishwa zawadi ya kunasa sauti.

Sasa nafika kwetu. Mwaka 1929 kampuni ya Metro-Goldwyn-Mayer ilimtuma W. S. Van Dyke na watu wake Afrika ya Mashariki kupiga picha iitwayo Trader Horn. Kitabu kilichofuatwa kinaeleza mfanyabiashara wa Afrika ya Magharibi, lakini hilo halikuwasumbua. Walizunguka kwa miezi katika Kenya, Tanganyika, Uganda na Kongo, wakapiga picha za wanyama na za Maporomoko ya Murchison. Mmoja wa waliochaguliwa kucheza alikuwa Mutia Omoolu, mtu wa Kenya, naye alicheza Rencharo, mchukua bunduki wa Horn. Si nafasi ndogo, maana Rencharo yu pamoja na Horn karibu katika safari yote.

Hapo ndipo sauti ilipoleta mambo. Safari ilianza kwa nia ya picha bubu, kisha ikaamriwa kwamba picha iseme. Kazi ya kunasa sauti porini haikutosha, na sehemu nyingi za mazungumzo zikalazimika kurudiwa Marekani. Mchezaji bubu labda angeweza kubadilishwa kwa kuonyeshwa kwa mbali tu, lakini sasa alitakiwa uso na sauti pia, basi Mutia akapelekwa California kumaliza kazi yake.

Picha ikatoka mwaka 1931. Sitaisifu kupita kiasi, kwa kuwa inawaonyesha Waafrika kama watu wa kishenzi, na jambo hilo laudhi kulitazama. Hata hivyo, katika karamu ya Novemba 10, 1931, ilikuwa mojawapo ya picha tano zilizoshindania zawadi ya picha bora. Cimarron ikashinda.

Na Mutia je? Hakutajwa kushindania chochote. Sababu moja yaonekana wazi nikitazama orodha ya mwaka ule: kulikuwa na zawadi ya mchezaji mkuu wa kiume na ya mchezaji mkuu wa kike, basi. Zawadi ya mchezaji msaidizi ilikuwa bado haijakuwako. Ilianza kutolewa Machi 1937. Sisemi kwamba ingalikuwako angaliipata, kwa maana Mwafrika-Mmarekani wa kwanza kushinda, Hattie McDaniel, aliipata Februari 1940, na hata usiku ule aliketishwa meza ya mbali na wenzake wa picha ile ile. Lakini zawadi aliyopewa Lupita mwaka 2014 ni hiyo hiyo ya mchezaji msaidizi, zaidi ya miaka 82 baada ya karamu ya Trader Horn.

Kwa hiyo mwenzangu alikuwa na haki kwa upande wa majina, nami kwa upande wa picha. Mwalimu wa mdahalo akikubali, naomba hoja hiyo irudishwe muhula huu, na safari hii nizungumze wa kwanza.