Mwerezi Usiochipua Kisikini

Mimi ni fundi maboti wa Lyulilo, chini ya Milima ya Livingstone, na kwa mafundi wa Ziwa Nyasa mbao ya mwerezi wa Mulanje ina heshima yake. Inanukia vizuri, mchwa hawaigusi, na majini haiozi upesi. Ndiyo maana upande wa Malawi waliitumia kuundia maboti ya uvuvi. Huko wanauita mti huo mkungudza, na wataalamu wanauita Widdringtonia whytei, kwa heshima ya Alexander Whyte, aliyekusanya vielelezo vyake mwaka 1891. Porini haupatikani popote duniani isipokuwa Mlima Mulanje, kusini mwa Malawi. Ni mti wa taifa hilo, lakini umo katika daraja la mwisho la hatari ya kutoweka.

Wengi husema shoka ndilo lililoumaliza. Ni kweli, wezi wa mbao wameufyeka mno. Lakini iko misitu mingi iliyokatwa na bado ikarudi. Huu kwa nini haurudi? Swali hilo ndilo lililonivusha mpaka wa Kasumulu hadi kwenye kitalu kimoja cha wanakijiji chini ya Mulanje.

Mama mmoja wa pale aliniwekea koni kiganjani. Ni ndogo, ya kahawia, yenye vigamba vinne vigumu vilivyojaa vinundu. Ikikomaa na kukauka, vigamba hupasuka na kuachia mbegu nyeusi, kila moja na ubawa wake. Mti mmoja hubeba koni za kiume na za kike, na chavua huchukuliwa na upepo. Hapo tayari pana tatizo: miti ikibaki michache, tena iliyotawanyika, chavua ya jirani haifiki, na kwa miti mingi ya koni inayojichavusha yenyewe, mbegu nyingi huwa tupu au dhaifu.

Lakini kinachonisikitisha zaidi ni habari ya moto. Mche wa mwerezi huu unataka jua na udongo ulio wazi. Chini ya kivuli kizito cha wazazi wake haukui. Kwa hiyo moto unaopita mara moja kwa miaka mingi huufungulia nafasi. Moto huohuo, hata hivyo, huua mti mzima, na kisiki chake hakichipui. Ndugu yake, Widdringtonia nodiflora, anaishi mlima huohuo, na yeye akiungua huchipua tena kutoka chini. Mwerezi hutegemea mbegu tu. Moto ukirudi kabla miche haijafikia umri wa kuzaa, kizazi kimekatika, na mipaini iliyoletwa kutoka Meksiko huiwahi nafasi hiyo.

Kitaluni mbegu haisumbui: huota bila kuhitaji dawa wala ufundi wa ajabu. Tangu 2016 Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Malawi na wenzake wamewasaidia wanakijiji kuotesha miche na kuipandisha mlimani. Naiunga mkono kazi hiyo kwa moyo wote, ila kupanda ni mwanzo tu. Mche uliopandwa mvua hizi utahitaji miaka mingi bila kuguswa na moto kabla haujatoa koni, na njia za kuzuia moto lazima zifyekwe kila kiangazi, miaka yote hiyo.