Uteuzi wa Njia za Kuingizia na Kutolea Data: Mfano wa Lwiro

Panapojadiliwa matumizi ya kompyuta, swali linalotangulia mara nyingi ni mashine ipi inunuliwe. Makala haya yanashikilia kwamba kuna maswali mawili yanayostahili kutangulia: data ina umbo gani pale ilipo, na ni nani atakayeitumia? Mfano mwafaka ni Kituo cha Utafiti wa Sayansi Asilia cha Lwiro, kaskazini ya Bukavu, kilichorithi kazi za taasisi ya IRSAC iliyoundwa mwaka 1947. Miongoni mwa urithi huo mna kumbukumbu za hali ya hewa, za matetemeko ya ardhi na mimea iliyokaushwa. Karatasi huharibiwa na unyevu na wadudu. Kazi ikifanywa vibaya, huenda isiwezekane kurudiwa.

Tuanze na tarakimu, kama vile vipimo vya mvua. Hizi huingizwa kwa kibodi. Lakini kibodi ya Kifaransa, iliyozoeleka Kongo, hudai kitufe cha ziada kibonyezwe ili kupata tarakimu za safu ya juu. Hivyo kibodi yenye vitufe vya tarakimu pembeni hupunguza makosa. Aidha, anayefuata Kifaransa huandika 12,5 na anayefuata Kiingereza 12.5. Programu isiyoelezwa tofauti hiyo yaweza kusoma 125. Kinga iliyo bora ni watu wawili kuingiza ukurasa ule ule, kisha kompyuta ikalinganisha.

Aina ya pili ni mmea uliobandikwa kwenye karatasi pamoja na lebo yake. Hapa kibodi pekee haitoshi, kwani umbo la jani haliandikiki. Picha hupigwa kwa kamera au kwa skana iliyoinuliwa na kugeuzwa, ili mmea usilazwe kifudifudi ukavunjika. Lebo za mkono husomwa na mtu anayezifahamu lugha zake: Kilatini, Kifaransa, na pengine jina la Kimashi. Programu za kutambua maandishi hukosea mara nyingi zaidi katika mwandiko wa mkono kuliko katika maandishi ya chapa.

Aina ya tatu ni mawimbi ya matetemeko. Yale ya zamani yaliyochorwa karatasini hupigwa picha, kisha mstari ukafuatishwa na kugeuzwa kuwa namba. Yale mapya huingia moja kwa moja kutoka kwenye kipima tetemeko, bila mkono wa mtu. Linalohitajika ni saa sahihi na umeme usiokatika.

Upande wa kutolea data huamuliwa na mtumiaji. Mtaalamu huhitaji faili la namba linalofunguka katika programu yoyote. Maktaba huhitaji chapa isiyofifia. Wino unaoyeyuka kwa maji haufai penye unyevu. Mwananchi naye, aliyetikiswa na tetemeko la Bukavu na Cyangugu la tarehe 3 Februari 2008, hanufaiki na mchoro wa mawimbi. Humfaa zaidi sentensi chache za Kiswahili zilizosomwa redioni.

Kwa hiyo, uteuzi huanzia kwenye karatasi iliyopo na kuishia kwa mtu anayeingoja habari. Mashine hukaa katikati. Data iliyoingizwa kwa uangalifu lakini ikatolewa kwa umbo lisiloeleweka bado imefungiwa kabatini.