Kuomba viza ya kutembelea Ulaya: yafahamu haya kabla ya kumlipa mtu yeyote

Binti amejifungua Ujerumani na anamtaka mama yake. Ndugu anafunga ndoa Italia. Kikundi cha vijana cha mtaani kimealikwa kwenye tamasha Ufaransa. Mialiko kama hii hufika kila mara katika nyumba za Umoja, Buruburu, Kayole, Dandora na Jericho. Furaha ikishatulia, swali huwa moja: viza inapatikana vipi?

Mara nyingi mtu wa kwanza kuulizwa si ubalozi bali ni jirani, au kijana wa saiba anayemjua "mtu wa ndani". Hapo ndipo pesa za familia huanza kupotea.

Serikali ya Kaunti haitoi viza na haina usemi katika uamuzi wa balozi yoyote. Hata hivyo, baadhi ya stakabadhi zinazoangaliwa na balozi hutoka katika ofisi za kaunti, na wanaotapeliwa ni wakazi wetu. Makala haya yanaeleza utaratibu wa viza ya muda mfupi kwa mkazi ambaye hajawahi kuiomba.

Viza hii ni ipi?

Nchi 29 za Ulaya zimeondoa ukaguzi wa kawaida wa mipaka baina yao na hutumia viza moja ya wageni. Viza hiyo huitwa viza ya Schengen, kutokana na kijiji cha Schengen nchini Luxembourg ambako mkataba wa kwanza ulitiwa saini mwaka 1985. Ujerumani, Ufaransa, Italia, Uhispania, Uholanzi na Uswisi zimo. Uingereza na Ireland hazimo, na kila moja ina viza yake. Anayekwenda London hawezi kutumia viza ya Schengen.

Viza hii humruhusu mgeni kukaa siku zisizozidi 90 ndani ya kila kipindi cha siku 180. Siku ya kuingia na ya kutoka zote huhesabiwa. Mtu akiingia Machi 1 na kukaa hadi Mei 29, amemaliza siku zake 90. Hata kama viza yake ni ya kuingia mara nyingi, hawezi kurudi kabla ya Agosti 28. Wengi hupewa muda mfupi zaidi, kulingana na safari waliyoieleza, kwa hiyo soma tarehe na idadi ya siku zilizoandikwa kwenye viza yako.

Viza hii ni ya kutembelea jamaa, utalii, mikutano ya kibiashara na mambo kama hayo. Haimpi mtu ruhusa ya kuajiriwa. Atakayekwambia "ingia na viza ya kutembea, kazi utapata ukifika" anakupeleka kwenye matatizo.

Uombe katika ubalozi gani?

Omba kwa nchi ambayo ndiyo shabaha kuu ya safari, au utakakokaa siku nyingi zaidi. Ikiwa siku zinalingana, omba kwa nchi utakayoingia kwanza. Usichague ubalozi kwa sababu umesikia "ni rahisi". Ratiba yako ikionyesha unakwenda kwingine, ombi linaweza kukataliwa.

Si kila nchi inayopokea maombi ubalozini moja kwa moja. Nyingi hutumia kampuni za kupokea maombi, na nyingine huwakilishwa na ubalozi wa nchi jirani yao. Fungua tovuti rasmi ya ubalozi wa nchi unayokwenda, kisha fuata kiungo kilichomo. Usitafute jina la kampuni kwenye mitandao ya kijamii.

Anza na pasipoti

Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki na angalau miezi 3 baada ya siku utakayoondoka Ulaya, na iwe na angalau kurasa 2 tupu. Ombi la pasipoti hujazwa kupitia eCitizen, kisha mwombaji hufika mwenyewe Idara ya Uhamiaji, mfano Nyayo House, kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Usipange tarehe ya safari kabla hujaishika pasipoti mkononi.

Ombi la viza hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na lisiwasilishwe zikiwa zimesalia chini ya siku 15. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15 tangu ombi lipokelewe, lakini unaweza kuchukua hadi siku 45. Nafasi za miadi nazo hujaa haraka wakati wa likizo. Anayesafiri Agosti au Desemba aanze mapema.

Gharama

Tangu Juni 2024 ada ya viza ni yuro 90 kwa mtu mzima na yuro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Mtoto wa chini ya miaka 6 halipiwi ada hiyo. Kwa kiwango cha shilingi 150 kwa yuro moja, yuro 90 ni shilingi 13,500. Palipo na kampuni ya kupokea maombi, kuna ada ya huduma juu yake.

Ada hulipwa ili ombi lichunguzwe, na ukikataliwa hairudishwi. Ndiyo sababu ni afadhali kuchelewa wiki mbili ukikamilisha stakabadhi kuliko kuwahi na faili yenye mapengo.

Stakabadhi: jibu maswali matatu

Afisa anayesoma faili yako hakujui. Anatafuta majibu ya maswali matatu: unakwenda kufanya nini, nani atagharamia, na ni nini kitakachokurudisha nyumbani. Kila karatasi unayoweka ijibu swali mojawapo.

Kwa kawaida huhitajika fomu iliyojazwa na kutiwa saini, picha, pasipoti, mpango wa tiketi ya kwenda na kurudi, mahali pa kulala, uthibitisho wa pesa, na bima ya matibabu ya safari inayogharamia angalau yuro 30,000 katika nchi zote za Schengen. Bima hizi huuzwa na kampuni za bima hapa Kenya. Balozi nyingi hutosheka na nafasi ya tiketi iliyowekwa bila kulipiwa. Soma orodha ya ubalozi wako kwanza, usije ukanunua tiketi ambayo huenda usiitumie.

Aliyeajiriwa huweka barua ya mwajiri inayotaja kazi, mshahara na siku za likizo, pamoja na hati za mshahara na taarifa ya benki. Wakazi wengi wa Eastlands, hata hivyo, wamejiajiri, na hapo ndipo wengi hukata tamaa wakidhani viza ni ya watu wa ofisi. Sivyo.

Tuchukue mfano wa mama anayekaa Umoja na kuuza nguo za mitumba Gikomba. Hana barua ya mwajiri, lakini ana leseni ya biashara ya kaunti yenye jina lake, risiti za ada za soko, cheti cha KRA cha kuonyesha hana deni la ushuru, taarifa ya benki, na taarifa ya M-Pesa anayoweza kuiitisha mwenyewe kwa simu. Taarifa ya M-Pesa haichukui nafasi ya ile ya benki, ila huonyesha kwamba biashara inazunguka kila siku. Akiongeza barua fupi inayoeleza nani atasimamia kibanda akiwa safarini na atarudi lini, amejibu swali la tatu.

Anayeishi katika nyumba za kaunti, kama za Jericho, Maringo, Bahati au Kaloleni, anaweza kuongeza risiti za kodi ya nyumba. Cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wanaobaki, au hati ya kumiliki shamba nazo huonyesha mizizi yako hapa. Mtoto anayesafiri bila mzazi mmoja au wote wawili huhitaji cheti cha kuzaliwa na idhini ya maandishi ya mzazi asiyesafiri.

Leseni ya biashara iliyokwisha muda haikusaidii. Ihuishe kupitia mfumo wa malipo wa kaunti kabla ya kuomba, na hakikisha jina lililo kwenye leseni ni sawa na la pasipoti.

Usikopeshwe pesa za kuonyesha

Kuna wanaoambiwa "jaza akaunti kwa wiki moja tu, benki itoe taarifa, kisha rudisha." Afisa haangalii salio la mwisho pekee. Anaangalia pesa zinavyoingia na kutoka miezi kadhaa nyuma. Akaunti iliyokuwa na shilingi 8,000 mwezi baada ya mwezi, kisha ghafla ikapata 400,000, huzua maswali kuliko akaunti yenye kiasi kidogo kinachoeleweka. Kama umepata pesa nyingi kwa njia halali, kwa mfano zamu yako ya chama au uliuza shamba, weka karatasi inayoeleza zilikotoka.

Ikiwa mwenyeji ndiye atakayegharamia, aseme hivyo kwa njia ambayo nchi yake inaitambua. Ujerumani, mwenyeji huenda ofisi ya wageni ya mji wake na kutia saini hati iitwayo Verpflichtungserklärung, ya kukubali kubeba gharama za mgeni. Ufaransa, anayemlaza mgeni wa familia nyumbani kwake huomba attestation d'accueil katika ofisi ya meya. Barua ya mkono pekee huenda isitoshe. Yule mama wa Gikomba amwambie bintiye ashughulikie jambo hili kabla ya kuweka miadi.

Siku ya miadi

Fika mwenyewe na pasipoti, faili na nakala. Alama za vidole za vidole kumi huchukuliwa, na huweza kutumika tena kwa miezi 59. Watoto wa chini ya miaka 12 hawachukuliwi. Ikiwa miadi ni asubuhi upande wa Westlands, kumbuka msongamano wa Jogoo Road na kubadilisha matatu mjini. Ukichelewa unaweza kulazimika kuanza kutafuta miadi upya.

Ukiulizwa maswali, jibu kwa ufupi na kwa ukweli. Ukisema unakwenda kumwona mjukuu ilhali fomu inasema utalii, umejiharibia. Soma fomu yako kabla ya kutia saini, hata kama ni kijana wa saiba aliyeijaza.

Jihadhari na matapeli

Hakuna wakala anayeweza kukuhakikishia viza. Kumlipa mtu akusaidie kujaza fomu si kosa, lakini mtu huyo hana uwezo wowote juu ya uamuzi. Ondoka ukiona haya:

- Anaahidi viza "kwa uhakika" au anadai ana mtu ubalozini.
- Anataka malipo kwa nambari ya simu ya mtu binafsi, bila risiti.
- Anataka kubaki na pasipoti yako au kitambulisho chako.
- Anakutengenezea barua ya kazi, taarifa ya benki au mwaliko usio wa kweli.
- Anakuuzia ETIAS. Hicho ni kibali cha raia wa nchi zisizohitaji viza. Mwenye pasipoti ya kawaida ya Kenya huhitaji viza.
- Anauza ajira kwa kutumia viza ya kutembelea. Wakala wa ajira za nje ni lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Hakikisha kabla ya kulipa.

Kughushi stakabadhi ni kosa la jinai nchini Kenya, na mwenye jina kwenye ombi ndiye huulizwa kwanza. Ukitapeliwa, piga ripoti katika kituo cha polisi kilicho karibu, kama vile Buruburu, Jogoo, Shauri Moyo au Kayole. Nenda na ujumbe wa simu na rekodi za malipo.

Ukikataliwa

Utapewa fomu yenye sababu za kukataliwa na maelezo ya jinsi ya kukata rufaa. Isome kwa makini. Sababu za kawaida ni madhumuni yasiyoeleweka, pesa zisizotosha, au shaka kwamba utarudi. Unaweza kuomba tena, lakini kupeleka faili ileile ni kulipa ada mara mbili kwa jibu lilelile. Rekebisha kilichotajwa kwanza. Ukiulizwa kama umewahi kukataliwa, usifiche, kwa maana rekodi ipo na nchi zote za Schengen huiona.

Ukipata

Kagua jina, tarehe na idadi ya siku mara tu unaporudishiwa pasipoti. Beba nakala za mwaliko na bima kwenye mkoba wa mkononi, kwa sababu afisa wa mpakani anaweza kuziitisha. Tangu Oktoba 2025 nchi hizo zilianza kutumia mfumo wa kielektroniki unaorekodi kuingia na kutoka kwa wageni badala ya mihuri. Anayepitisha siku zake hujulikana.

Rudi kwa wakati. Aliyetumia viza tatu vizuri ndani ya miaka miwili anaweza kupewa ya mwaka mzima ya kuingia mara nyingi. Safari ya kwanza ikiisha salama, mama wa Gikomba atakuwa amejirahisishia safari ya kumwona mjukuu wa pili.