Ncha Inayotakiwa Kukwama

Bolti ikiingia laini kwenye tundu lake, fundi huridhika. Lakini ulaini huo huo unaweza kuwa dalili ya tundu lililokatwa pana kupita kiasi. Meno hugusana nchani tu, na bolti ikikazwa barabara, yanakatika. Kidole hakilijui tundu la namna hiyo, wala jicho.

Ndiyo sababu viwandani mkaguzi hushika geji ya ncha mbili: mpini mfupi wenye meno ya chuma kigumu huku na huku. Ncha ndefu ni ya kupita. Ile fupi, ambayo mara nyingi hutiwa alama nyekundu, ni ya kutopita. Geji hii haitoi namba yoyote. Inakubali au inakataa.

Chukua bolti ya M10, yenye kipenyo cha milimita 10 na hatua ya milimita 1.5 kutoka jino hadi jino. Kwa daraja la 6H linalotumika sana, kipenyo cha tundu kwenye mbavu za meno kiwe kati ya milimita 9.026 na 9.206. Nafasi hiyo haizidi sana unene wa karatasi mbili za daftari. Ncha ya kupita hulinda mpaka wa chini, nayo sharti iingie hadi mwisho wa meno kwa nguvu za vidole tu. Ya kutopita hulinda mpaka wa juu. Inaruhusiwa kuanza kuingia, maana meno ya mdomoni huwa hayajakamilika vizuri, ila kwa utaratibu wa ISO isizidi mizunguko miwili.

Meno ya ncha hizo hayafanani, na hapo ndipo penye akili kubwa. Mwaka 1905 William Taylor wa Leicester, Uingereza, alipata hataza ya kanuni inayofuatwa mpaka leo: ncha ya kupita ikague mambo yote kwa pamoja, ya kutopita ikague kipimo kimoja tu. Kwa hiyo ndefu ina meno kamili, kama bolti yenyewe. Fupi ina meno machache yaliyopunguzwa vilele. Ingekuwa ndefu, kosa dogo la hatua lingeikwamisha, na tundu pana lingepitishwa kana kwamba ni zima.

Anayejaribu tundu kwa bolti peke yake, basi, amekagua nusu tu.

Tundu nalo lisafishwe kwanza. Chembe za chuma zilizobaki ndani huifanya ncha ya kupita ikwame penye tundu zuri. Kuilazimisha kwa spana ni kuiharibu. Hata ikitunzwa, hiyo ndiyo huchakaa mapema, kwa kuwa huzungushwa urefu wote wa kila tundu. Ikishapungua unene huanza kupita hata kwenye matundu yanayobana, na kasoro hugunduliwa bolti inapogoma kuingia, mashine ikiwa tayari inaunganishwa.