Mwizi Naye Anaupenda Ukuta Wako

Iwe msibani, harusini au kwenye grupu la WhatsApp la mtaa, swali ni lile lile: "Mtaalamu, nyumba yangu ya Goba, ukuta niupandishe hadi futi ngapi?" Anayeuliza keshaongea na fundi, tofali zimeshashushwa, na kwangu anataka namba tu. Nane? Kumi? Juu niweke chupa au seng'enge inatosha? Nikimwambia auache ulipo, tena ikiwezekana aupunguze, ananitazama kana kwamba wezi ndio walionituma.

Basi tuumalize huu ukuta leo.

Mvunja nyumba ana hofu tatu: kukuta mtu ndani, kuonekana, na kukosa njia ya kutokea. Hofu ya kwanza ukuta hauigusi kabisa. Ya tatu anaimaliza mwenyewe kwa kufungua geti kwa ndani. Ya pili, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote, unamwondolea wewe, tena kwa gharama zako.

Chukua nyumba ya kawaida ya Mbezi au Kinyerezi, hapa Dar es Salaam. Mbele kuna barabara ya vumbi, ubavuni kuna pagale ambalo mwenyewe hajaonekana tangu alipofikia lenta, na katikati kuna ukuta wa futi kumi uliopandwa chupa. Mwizi anapanda kwenye rundo la tofali za pagale, anatandika gunia juu ya chupa, anashuka. Kazi ya dakika moja, na hiyo ndiyo dakika pekee ambayo mtu angeweza kumwona. Akishatua ndani ana usiku mzima. Anachagua dirisha la nyuma, anachomeka jeki ya gari katikati ya nondo mbili za grili, anazungusha taratibu mpaka zinatanuka. Mlio upo, lakini jirani anayesikia vitu vinagonga nyuma ya ukuta wako atasema una fundi. Aone nini? Boda wanaokaa kijiweni pale kona, mama anayekaanga chipsi hadi saa tano, kijana anayerudi kutoka kazini, wote hao walikuwa walinzi wako wa bure. Umewajengea pazia la tofali.

Haya si mageni. Jane Jacobs aliandika mwaka 1961 kuhusu miji ya Marekani kwamba barabara hulindwa kwanza na macho ya wanaoishi na kufanya biashara kando yake. Mwaka 1972 msanifu Oscar Newman akaonyesha jinsi umbo la majengo lenyewe linavyoweza kuwapa wakazi uwezo wa kulinda eneo lao, au kuwanyang'anya. Bado sisi kila Jumamosi tunaongeza kozi mbili.

"Mbona Masaki na Oysterbay wote wana kuta?" Wanazo. Wana na walinzi wa zamu, kengele iliyounganishwa na kampuni, taa za nje zisizozimwa, na gari la doria linalopita. Wewe umeiga tofali, hukuiga mishahara. Fensi ya umeme nayo ni hadithi hiyo hiyo: betri ikifa hakuna anayejua, na majani yakigusa waya king'ora kinalia kila usiku mpaka unakizima mwenyewe. Wa zindiko sitawajibu. Angalau zindiko halimzibi jirani macho.

Ukuta una kazi zake: huonyesha mpaka wa kiwanja, huzuia ng'ombe, huzuia kuku wa jirani. Lakini wezi wa upondo, wanaochana wavu na kuvuta simu iliyochomekwa chaji kando ya dirisha, wakishaupita wanafanya kazi kwa nafasi.

Swali la pili, ambalo nalo limenichosha: "Mtaa gani hauna wizi?" Watu wanataka orodha. Siitoi, kwa sababu mbili. Kwanza, takwimu za polisi huhesabu kilichoripotiwa. Mtaa ambao watu wanaenda kituoni utaonekana mbaya kuliko ule ambao kila mtu anaibiwa na kunyamaza. Pili, idadi ya matukio bila idadi ya watu haina maana. Sensa ya 2012 ilikuta Dar es Salaam ina watu 4,364,541. Ya 2022 ikakuta 5,383,728. Hilo ni ongezeko la zaidi ya asilimia 23. Kama wizi ungeongezeka kwa asilimia 20 katika miaka hiyo kumi, uwezekano wako wa kuibiwa ungekuwa umepungua, huku kila kikao cha mtaa kikiapa kwamba hali haijawahi kuwa mbaya hivi.

Swali la maana ni hili: nyumba gani itaibiwa wiki ijayo? Hilo lina jibu zuri kuliko mnavyodhani. Nyumba iliyovunjwa juzi iko hatarini zaidi kuvunjwa tena, hasa katika wiki chache za mwanzo, na majirani zake wa karibu nao. Mwizi keshajua njia, keshaona friji, anajua utanunua televisheni mpya. Huko Kirkholt, mtaa wa nyumba za halmashauri mjini Rochdale, Uingereza, miaka ya 1980 waliachana na kulinda mtaa mzima. Walishughulikia nyumba zilizokwisha kuibiwa: wakaziimarishia milango na madirisha, wakaondoa mita za sarafu zilizokuwa zikivunjwa, na wakawaomba majirani kama sita wa kila nyumba kuitupia jicho. Ndani ya miaka mitatu uvunjaji ulishuka kwa takribani robo tatu. Hakuna aliyepandisha ukuta.

Sasa ya kufanya, haraka haraka maana nafasi inaisha. Ukuta wa mbele uwe wa kimo cha kifua, juu yake grili inayopitisha macho. Geti lisiwe la bati zima. Grili za dirisha zichimbiwe ukutani, zisishikizwe kwa skrubu za nje. Taa ya nyuma ni muhimu kuliko ya mbele. Jirani akiibiwa, wiki hizo ndizo za kuchanga ulinzi shirikishi, msisubiri kikao cha mwezi. Pagale likatwe majani. Mwenyekiti wa mtaa amtafute mwenye pagale. Namba ya polisi kata iwe kwenye simu ya kila mtu nyumbani, dada wa kazi akiwemo, na 112 mtoto aijue. RB ya polisi ichukuliwe hata kwa pampu ya maji iliyoibwa. Na ile ngazi uliyoiacha nyuma ya nyumba tangu mafundi rangi waondoke, iingize ndani leo.