"AI LAVU YU": HIVI UNAJUA UNACHOKISEMA?

Leo naomba tukichambue kineno kimoja ambacho sisi vijana wa Ngonga tunakimwaga kila kukicha. Kiko kwenye fulana, kiko kwenye bodaboda, kiko kwenye meseji za usiku wa manane. Kineno chenyewe ni "love".

Kimetoka wapi? Waingereza wa kale, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, waliandika "lufu". Wajerumani, ambao ni ukoo mmoja nao kwa lugha, wanasema "Liebe". Ukizidi kurudi nyuma unaukuta mzizi huohuo kwenye Kilatini, "libet", yaani inapendeza, na kwenye Kisanskriti cha India, "lubhyati", yaani anatamani. Kumbe penzi na tamaa ni watoto wa mama mmoja!

Ila usikimbilie kucheka. Mama huyohuyo alizaa na mtoto mwingine, neno la Kiingereza "believe", yaani kuamini. Kwa hiyo ndani ya nyumba hiyo moja wanaishi wawili: kutamani na kuaminiana. Wewe unapomwambia mtu "ai lavu yu", unamletea yupi?

Hapo ndipo kasheshe inapoanzia. Mzungu ana "love" kwa chai, kwa mbwa, kwa mama yake na kwa mkewe. Hata kwenye tenisi, "love" ni sifuri! Sisi nasi tunapenda wali wa Kyela na tunampenda mama, kitenzi ni kimoja. Lakini tukishataja jina la kitu tunagawa mafungu: kuna upendo, wa mzazi au jirani, kuna mapenzi, ya wawili, kuna mahaba, neno tulilopewa na Waarabu, ya faragha. "Love" imeyafunga yote kwenye kapu moja na kulifunika.

Sasa chukua msimu wa kakao, jamaa ana noti mfukoni. Anamwambia binti "ai lavu yu". Binti anasikia ndoa. Jamaa anamaanisha jioni ya leo tu. Miezi inapita, tumbo linaonekana, na jamaa anaruka kimanga: "Mimi nilisema nitamuoa?" Ukweli ni kwamba hakusema. Alijificha ndani ya kapu, na anayebaki na mzigo ni binti.

Nimewahi kuwajaribu washkaji zangu hapa kijiweni. Nikawaambia, kila mmoja aseme "ai lavu yu". Walitiririka kama wanaimba. Nikawaambia, haya, semeni "ngukugana fijo", yaani nakupenda sana kwa Kinyakyusa chetu. Duh! Mmoja aliinama akacheka, mwingine akageuka nyuma kuangalia kama kuna shangazi anasikia.

Kwa nini? Kwa sababu lugha ya nyumbani ina mashahidi. Ukisema ulugano, bibi anaelewa, wajomba wanaelewa, na wanaanza kuhesabu ng'ombe wa mahari. Hata wamisionari wa Kijerumani walioingia Unyakyusa mwaka 1891, pamoja na "Liebe" yao, ili waeleweke ilibidi wajifunze kusema kwa lugha ya wenyeji.

Sisemi Kiingereza ni kibaya, wala sisemi kila anayetamka Kinyakyusa ni mkweli. Wapo matapeli wa lugha zote, bwana! Ninachosema ni kwamba neno la kuazima halimbani mtu shingo. Ukilitamka unajiona kama uko kwenye sinema, na sinema ikiisha kila mtu anarudi kwao.

Kwa hiyo dada yangu, jamaa akikuletea "ai lavu yu", usinune wala usiyeyuke. Muulize kwa upole: "Ni upendo, ni mapenzi, au ni mahaba?" Halafu mwombe aiseme kwa lugha ya mama yake, mchana, mahali ambapo watu wanapita.

Akiisema, hapo mna pa kuanzia mazungumzo. Akipatwa na kigugumizi, basi jibu lako umeshalipata, na hujapoteza hata senti tano.