Ruzuku ya Mbolea: Ni Nini, na Humfikia Nani?

Wengi wetu hapa Kwale tumelelewa na jembe. Karo na madaftari yetu hutoka kwenye mahindi, muhogo, nazi na korosho. Hata hivyo, neno "ruzuku" likitajwa redioni, swali linalosikika vijijini ni moja: "Ati hizo pesa zaletwa lini?" Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Basi na tuelezane.

Ruzuku ya mbolea ni sehemu ya bei ambayo serikali humlipia mkulima. Hapewi pesa mkononi. Mwaka wa 2022 vita vya Ukraine vilipoanza, bei ya mbolea ilipanda duniani, maana Urusi ni mojawapo ya nchi ziuzazo mbolea nyingi. Hapa Kenya gunia la kilo 50 lilifika kama shilingi 6,500. Septemba mwaka huo serikali ikaanza kuliuza kwa shilingi 3,500, na Agosti 2023 ikateremsha hadi 2,500.

Haya, tufanye hesabu. Mama mwenye ekari mbili, akitumia gunia moja la kupandia na moja la kukuzia kwa kila ekari, atahitaji magunia manne. Kwa bei ya 6,500 angetoa shilingi 26,000. Kwa bei ya 2,500 atatoa 10,000. Nafuu ipo, tena kubwa. Lakini ni lazima kwanza awe na hizo 10,000, na nauli ya kubebea magunia juu yake. Asiye nazo, ruzuku humpita hivi hivi akiiona.

Aidha, kuna jambo la simu. Mkulima huandikishwa kwa nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na ukubwa wa shamba. Kisha hutumiwa ujumbe wa kumwambia magunia yake ni mangapi na akayachukue wapi. Sasa, ikiwa bibi alime Msambweni na nambari iliyoandikwa ni ya mjukuu aliye Mombasa, ambaye amekwisha badilisha laini, ujumbe utamfikia nani? Mvua ya masika haimngojei mtu.

Vilevile, mwaka wa 2024 iligunduliwa kwamba baadhi ya magunia yaliyouzwa katika mpango huu hayakuwa na mbolea halisi, na serikali ikaahidi kuwafidia wakulima. Kwa hivyo ni busara kuweka risiti na gunia lenyewe hadi mavuno. Bila ushahidi, utadai nini?

Shime wanafunzi wenzangu! Sisi tunaojua kusoma, tuwaulize wazee wetu kabla ya mvua: Je, umeandikishwa? Kwa nambari ya nani? Ujumbe ukija tuwasomee. Kazi hiyo haihitaji hata senti moja, na huenda ikaokoa shamba zima.